Hawa Wanalipwa kwa Kukaa?

Ndugu msomaji, swali la leo si langu. Ni la baba yangu mdogo, mzee ambaye kwa miaka 22 amekuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja hapa jijini. Jumapili ya nyuma nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta sebuleni pamoja na wajukuu, wote wameukodolea macho mchezo wa besiboli kutoka Marekani. Mjukuu wake mmoja anasoma sekondari na ameanza kuupenda mchezo huo, kwani tangu mwaka 2018 upo uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Basi kijana alikuwa akieleza, na mzee akisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea mambo yasiyotokea upesi.

Mpiga picha wa televisheni akageuza kamera yake kwenye kibanda cha wachezaji. Wakaonekana vijana wenye afya njema wameketi safu nzima kwenye benchi. Mmoja anatafuna, mwingine anatema, wa tatu ameegemeza kidevu kwenye mkono, na wa nne anamwekea mwenziwe kitu kofiani bila mwenyewe kujua. Mzee akawatazama kwa muda, akauliza, “Hawa nao wanalipwa kwa kukaa?”

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anauliza kama mtu wa kazi moja na wale. Nikamwahidi kwamba nitalichunguza jambo hilo na kumletea jibu. Jibu lenyewe ndilo hili, na kwa kuwa limekuwa refu kuliko nilivyodhani, nalileta kwako pia.

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini wanakaa. Timu moja ya ligi kuu ya Marekani ina wachezaji 26. Timu inapolinda uwanja, tisa tu ndio wanaosimama mchezoni. Inapofika zamu ya kupiga, mmoja husimama na rungu lake mbele ya mrushaji, mwingine hujinyoosha kando akisubiri, na waliobaki wote huketi. Mpigaji wa kawaida hupata nafasi ya kupiga kama mara nne katika mchezo mzima. Gazeti la Wall Street Journal lilipima jambo hili mwaka 2013, likahesabu ule muda tu ambao mpira unakwenda na watu wanakimbia. Lilikuta kwamba katika mchezo wa saa tatu, vitendo vyenyewe havikuzidi dakika 18. Muda uliobaki ni wa kusimama, kutazamana, kurekebisha glavu na kungoja.

Wakuu wa mchezo wenyewe waliona kwamba kungoja kumezidi. Mwaka 2023 waliweka saa uwanjani: mrushaji akapewa sekunde 15 za kurusha ikiwa hakuna mkimbiaji kituoni, na 20 ikiwa yupo. Mchezo ambao mwaka 2022 ulichukua kwa wastani saa 3 na dakika 4 ukashuka hadi saa 2 na dakika 40. Hata hivyo benchi halikuondolewa. Michezo ni 162 kwa msimu mmoja wa miezi sita, nayo karibu inafuatana kila siku. Aliye na bahati mbaya kuliko wote, au bahati njema, kwa kadiri unavyoitazama, ni mrushaji anayeanza mchezo. Mkono wake huchoka kiasi kwamba hurusha mara moja tu kwa kila siku tano. Siku nne zilizobaki hufanya mazoezi yake, kisha mchezo unapoanza huvaa sare na kukaa.

Sasa mtu afanye nini?

Jambo la kwanza ni kinywa. Ukiingia kwenye kibanda kile mwisho wa mchezo utadhani kuku wamelishwa humo, kwa jinsi sakafu inavyojaa maganda ya mbegu za alizeti. Msomaji wetu wa Singida, ambaye alizeti kwake ni mafuta ya kupikia, huenda akastaajabu kusikia kwamba huko zinakaangwa na chumvi na kutafunwa na maganda yake. Ufundi wake ni kujaza shavu moja, kuhamisha mbegu moja moja kwa ulimi hadi upande wa pili, kuipasua kwa meno, kula kiini na kutema ganda, na yote hayo bila kutumia mkono wala kuondoa macho mchezoni. Reggie Jackson, mpigaji mashuhuri wa miaka ya 1970, alikuwa miongoni mwa walioieneza desturi hiyo. Zipo pia bigijii, ndoo tele. Mchezo wa kale wa benchini ni kupuliza bigijii hadi ifanye puto, kisha kulibandika taratibu juu ya kofia ya mwenzako. Aliyebandikwa hukaa na puto lake kichwani mbele ya maelfu ya watu, akijiuliza kwa nini jukwaa linacheka.

Upo utani mkali zaidi. Katika timu ya New York Mets ya mwaka 1986, ile iliyotwaa ubingwa, mrushaji Roger McDowell na mwenziwe Howard Johnson walikuwa mabingwa wa kuwachoma watu viatu. Mmoja hutambaa chini ya benchi, hubandika kijiti cha kiberiti kwenye kiatu cha mtu aliyezama katika kuutazama mchezo, hukiwasha na kurudi zake kimya kimya. Mwenye kiatu huruka ghafla, na benchi zima huvunjika mbavu. Sisemi ni jambo la kuigwa kiwandani. Nasema tu kwamba watu wazima waliofungiwa mahali pamoja kwa saa tatu hurudia utoto upesi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kiko kikundi kingine ambacho hata benchini hakikai. Hao ni warushaji wa akiba, wanaowekwa mbali, mwishoni mwa uwanja, katika ua mdogo ambao Wamarekani wanauita zizi la mafahali. Kazi yao ni kuingia pale mrushaji wa kwanza anapozidiwa, na wengi wao hawajui kama leo wataitwa au la. Baina yao na kocha iko simu. Ikilia, kila mmoja hunyamaza. Mgeni kuliko wote katika kundi ana wadhifa maalumu: ndiye mchukuzi wa begi la pipi, biskuti na mbegu za wakubwa wake, na aghalabu begi hilo huwa la watoto wa shule, la rangi ya waridi. Utamwona mtu mwenye urefu wa mlingoti akilivusha uwanjani mgongoni, jukwaa likimshangilia.

Katika zizi hilo alikaa Moe Drabowsky, mzaliwa wa Poland, mrushaji wa akiba wa Baltimore Orioles. Mwaka 1966 timu yake ilikwenda kucheza Kansas City, ambako yeye aliwahi kuwa mchezaji. Alikuwa bado anaikumbuka namba ya simu ya zizi la wenyeji. Akainyanyua simu, akaigiza sauti ya kocha wao na kuamuru kwamba mrushaji Lew Krausse ajitayarishe mara moja. Krausse akainuka, akavua koti, akaanza kurusha kwa nguvu, wakati mrushaji wao aliyekuwa mchezoni hakuwa na kasoro yoyote. Baadaye Drabowsky akapiga simu tena akaamuru Krausse akae. Akakaa. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo, bwana huyu huyu aliingia kutoka akiba katika mchezo wa kwanza wa fainali, akawatoa wapigaji 11 kwa mirusho yake, idadi ambayo hakuna mrushaji wa akiba aliyewahi kuifikia katika mchezo mmoja wa fainali hizo kabla yake. Hivyo asije mtu akasema kwamba mtani hawezi kazi.

Na sisi wa kalamu tuna mtu wetu katika zizi hilo. Jim Bouton alikuwa mrushaji aliyepata sifa akiwa kijana, kisha bega likachoka. Mwaka 1969, akiwa mrushaji wa akiba, aliamua kuutumia muda wake wa kukaa kwa kuandika. Aliandika kwenye bahasha, kwenye vipande vya karatasi, kwenye chochote kilichokuwa karibu: nani kasema nini, nani kalewa, nani anaogopa kuachishwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970 kwa jina la Ball Four. Kilisomwa nchi nzima, na wenziwe wengi waliacha kusalimiana naye. Mkuu wa ligi zote, Bowie Kuhn, alimwita ofisini kwake akamtaka akanushe aliyoyaandika. Bouton alikataa. Miaka kadhaa baadaye, akirusha katika timu ndogo ya Portland huko Oregon, yeye na mrushaji mwenziwe Rob Nelson walikuwa wameketi zizini wakiwatazama watu wanatema tumbaku. Nelson akapata wazo: kwa nini isitengenezwe bigijii iliyokatwakatwa kama tumbaku na kutiwa katika kifuko, ili mtu ashindilie shavu lake bila kujiua? Biashara hiyo ilianza mwaka 1980 na mpaka leo watoto wa Marekani wanainunua. Wazo hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mazoezini kungoja ni kule kule, ila ni kwa kusimama. Mmoja anapojizoeza kupiga, wengine husambaa uwanjani kuokota mipira. Hapo ndipo yanapozungumzwa mambo ya nyumba, mikopo, wake na watoto. Ipo michezo midogo pia, kama ule wa mpigaji mmoja kuwapigia wenziwe wachache kwa karibu, mpira ukienda na kurudi kwa kasi ya ajabu. Lakini katika habari zote za mazoezi nilizosoma, iliyonikaa moyoni ni ya timu za Wamarekani Weusi, zilizokuwa na ligi zao kwa sababu ligi za Wazungu zilikuwa zimewafungia mlango. Timu hizo zilisafiri usiku kucha kwa basi, na mara nyingi wachezaji walilala humo humo kwa kuwa hoteli hazikuwapokea. Kabla ya mchezo kuanza, baadhi yao, kama Indianapolis Clowns, waliwaburudisha watazamaji kwa mazoezi yasiyo na mpira. Mrushaji alirusha hewa, mpigaji akapiga hewa, mdakaji akaruka juu akadaka hewa na kumtupia mwenziwe, yote kwa mwendo na wepesi uliomfanya aliyeketi jukwaani aape kwamba ameuona mpira. Waliuita mpira wa kivuli.

Ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba benchi ni pa vichekesho tu. Kinywa kisicho na kazi kinaweza kutafuna mbegu, na kinaweza kutafuna mtu. Jackie Robinson alipoingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, mchezaji Mweusi wa kwanza katika ligi hizo kwa karne ile, mtihani mmoja mkubwa kuliko yote ulimfikia kutoka benchini. Wiki moja baadaye timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn. Kocha wao, Ben Chapman, pamoja na baadhi ya wachezaji wake, waliketi kibandani mwao wakamrushia matusi ya ubaguzi tangu mwanzo hadi mwisho, mchezo baada ya mchezo. Desturi ya kuwazomea wapinzani kutoka benchini ilikuwapo siku nyingi na ilihesabiwa kuwa burudani. Robinson alikuwa ameahidi kutojibu, na hakujibu, ingawa baadaye aliandika kwamba siku ile nusura imshinde. Aliyejibu ni mwenziwe, Eddie Stanky, Mzungu ambaye hapo mwanzo hakufurahia kucheza naye. Aliwaambia wale wa Philadelphia wamtukane mtu anayeweza kuwajibu.

Macho nayo yana ya kwao. Asiyecheza huona mengi, na tangu zamani watu wa benchi wamekuwa wakipeleleza ishara za vidole anazotoa mdakaji wa upande wa pili kumwambia mrushaji wake arushe mpira wa namna gani. Kuziona kwa macho yako hakukatazwi. Lakini mwaka 2017 timu ya Houston Astros iliweka televisheni karibu na kibanda chake, ikipokea picha za kamera iliyokuwa mbali uwanjani. Mtu alitazama, akafahamu ishara, na kama mpira unaokuja si wa kasi, akagonga pipa la taka. Mpigaji alisikia mlio akajua. Walitwaa ubingwa mwaka ule. Mambo yalipofichuka, mwezi Januari 2020 timu ilitozwa faini ya dola milioni 5, na kocha na meneja mkuu wakasimamishwa mwaka mzima na kisha kufukuzwa. Pipa la taka, ndugu yangu!

Kama unataka kujua kungoja hasa ni nini, sharti twende Pawtucket, mji mdogo katika jimbo la Rhode Island, usiku wa Jumamosi tarehe 18 Aprili 1981, mkesha wa Pasaka. Walikuwa wakicheza wenyeji na Rochester, timu za daraja la chini, vijana wanaotafuta riziki na kuota ligi kuu. Mchezo wa besiboli una zamu tisa, na hauna sare: mkilingana mnaendelea hadi mmoja amzidi mwenziwe. Baada ya zamu ya tisa walikuwa 1 kwa 1. Wakaendelea. Usiku wa manane ukapita. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma kiasi kwamba wachezaji walikusanya marungu yaliyovunjika na mbao walizozipata, wakawasha moto ndani ya mapipa kibandani ili kuota. Katika zamu ya 21 Rochester wakapata bao, na kila mtu akashusha pumzi kwamba sasa tutakwenda kulala. Kisha mchezaji mmoja wa Pawtucket, Wade Boggs, akapiga mpira uliosawazisha. Baadaye alisimulia kwamba hakujua kama wenziwe walitaka kumkumbatia au kumtandika.

Mchezo ulisimamishwa saa 10 na dakika 7 alfajiri ya Pasaka, baada ya zamu 32, kwa amri ya mkuu wa ligi aliyesakwa kwa simu usiku kucha. Watazamaji waliobaki walikuwa 19. Waliurudia tarehe 23 Juni, na zamu ya 33 ikaumaliza kwa dakika 18 tu. Dave Koza alipiga mpira wa ushindi, Pawtucket 3, Rochester 2. Ukijumlisha yote, ni saa 8 na dakika 25. Hakuna mchezo mrefu kuliko huo katika besiboli ya kulipwa. Wawili waliokuwa uwanjani usiku ule, Boggs wa Pawtucket na Cal Ripken wa Rochester, waliishia kuwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo kwa zama zao.

Lakini anayenigusa zaidi ni Luis Aponte, mrushaji wa Pawtucket kutoka Venezuela. Alikuwa amemaliza kazi yake mapema, kwa hiyo hatimaye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alipobisha hodi ilikuwa yapata saa tisa usiku. Mkewe akamuuliza mlangoni alikuwa wapi. Akasema, uwanjani. Mke akamwambia kwamba hakuna binadamu anayecheza besiboli saa hizo. Aponte akamwambia angoje asome gazetini. Sasa sikiliza mkosi wa mtu: gazeti la Jumapili lilikuwa limekwisha chapwa mchezo haujaisha, na habari yenyewe isingetoka mpaka Jumatatu. Nimefanya kazi katika gazeti la Jumapili miaka kadhaa. Najua matokeo mangapi ya Jumamosi usiku yametupita kwa saa moja au mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya upungufu huo anaweza kuwapo mume aliyesimama nje kwenye baridi.

Hadithi hiyo nilipompelekea baba mdogo alicheka hadi machozi. Hata hivyo, nilichotaka hasa kumwambia kilikuwa kingine.

Zamani, kabla ya mbegu na bigijii kuenea, kilichojaza mashavu benchini kilikuwa tumbaku. Wengine waliitafuna, wengine waliipachika kati ya mdomo na ufizi, kama wafanyavyo wenzetu wa ugoro. Walianza kwa sababu wakubwa wao walifanya hivyo, kwa sababu uwanja una vumbi na kinywa hukauka, na kwa sababu saa tatu ni ndefu. Kampuni za tumbaku ziliwapa bure. Bill Tuttle alicheza ligi kuu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na katika kadi za picha zinazokusanywa na watoto shavu lake linaonekana limetuna. Alitafuna kwa karibu miaka 40. Mwaka 1993 alionekana na uvimbe mkubwa kinywani; ulikuwa saratani. Madaktari walimkata mara kadhaa, wakaondoa sehemu ya uso wake. Badala ya kujificha ndani, Tuttle aliamua kwenda katika kambi za mazoezi, akasimama mbele ya vijana waliokuwa na mashavu yaliyotuna, akawaonyesha uso uliobaki. Mchezaji na mtangazaji wa zamani Joe Garagiola alifuatana naye. Tuttle alifariki mwaka 1998.

Kisha Tony Gwynn. Huyu alicheza misimu 20 na timu moja tu, San Diego Padres, tangu 1982 hadi 2001, akawa kinara wa wapigaji wa ligi yake mara nane. Watu wa mji ule walimpenda kwa tabasamu lake na kicheko chake. Alikuwa na kikopo cha tumbaku siku zote. Mwaka 2010 ilionekana saratani katika tezi ya mate, upande ule ule alioweka tumbaku yake, na matibabu yakamwacha amepooza upande mmoja wa uso. Yeye mwenyewe aliamini kwamba ni tumbaku. Wako madaktari waliosita kukata shauri juu ya tezi ile, lakini juu ya saratani ya kinywa na tumbaku ya mdomoni hakuna mabishano miongoni mwao. Gwynn alifariki tarehe 16 Juni 2014 akiwa na miaka 54. Mrushaji Chris Sale, ambaye naye alikuwa mtumiaji, aliacha siku ile ile aliposikia habari.

Ligi ndogo zilikuwa zimekwisha piga marufuku tumbaku mwaka 1993. Katika ligi kuu ilichukua muda, kwa sababu sharti chama cha wachezaji kikubali. Mji wa San Francisco ulitunga sheria yake mwaka 2015, miji mingine ikafuata, na mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano kwamba mchezaji yeyote mpya hataruhusiwa kuitumia. Waliokuwapo waliachwa na mazoea yao. Ndiyo maana mbegu za alizeti zimejaa sakafuni, na ndiyo maana wazo la Nelson na Bouton pale zizini halikuwa la kuchekesha tu.

Nilimsimulia mzee haya yote jioni ya juzi, kabla hajaondoka kwenda lindoni. Alisikiliza bila kunikatiza. Chini ya mdomo wake palikuwa pametuna kama kawaida. Ugoro huo ndio mwenzake wa usiku tangu nilipokuwa shule ya msingi. Aliwahi kuniambia kwamba saa za jioni zinakwenda zenyewe na alfajiri kuna waenda kazini wa kusalimiana nao, lakini kati ya saa nane na saa kumi, mtu bila ugoro atalala, na mlinzi akilala amepoteza kazi. Nilipomaliza kusimulia akanyamaza kidogo. Akauliza, “Huyo Gwynn, lilianzaje?”

Nikamwambia kwamba lilikuwa uvimbe.

“Mimi si uvimbe,” akasema. “Ni kidoa cheupe. Hakiumi.”

Sikuwa nimejua habari za kidoa. Hakuna aliyejua, hata mama mdogo. Kwa mwanga wa taa ya barazani alivuta mdomo wake wa chini akanionyesha, kisha akaufunga haraka kwa kuwa watoto walikuwa wakija. Nilimuuliza ni cha tangu lini. Akasema tangu mfungo uliopita, au kabla.

Ndugu msomaji, mimi si daktari na sitakuandikia maana ya kidoa kile. Kesho Jumatatu nimeomba ruhusa ofisini hadi saa sita mchana. Yeye atatoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, na tumekubaliana kukutana kituo cha basi, twende moja kwa moja hospitalini kabla hajapata nafasi ya kusema kwamba amechoka. Ameniagiza nije na gazeti, kwa sababu amesikia kwamba huko foleni ni ndefu. Nitakuja nalo, na katika mfuko mwingine nitatia mbegu za alizeti zilizokaangwa, nione kama meno yake yataziweza.